Watoto Hawahesabiwi

Kaka yangu Selestini si mtu wa maneno mengi. Siku tuliyorudi kutoka mtoni na begi la mwanawe Japhet, watu wamejaa uani wanalia, alisema neno moja tu: "Mwanangu mwingine havuki mto huu." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Hakuna aliyembishia. Ungembishia kwa lipi?

Kitongoji chao, ambako na mimi nilizaliwa, kiko ng'ambo ya Mto Katuma, upande usio na barabara. Ukisimama ukingoni unayaona mabati ya shule upande wa pili. Hata kengele yao, rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inasikika vizuri asubuhi. Daraja la magogo lilisombwa na mafuriko, na tangu hapo watu wanavuka kwa miguu pale penye kina kifupi. Kila uchaguzi tunaletewa daraja jipya, linakaa kwenye kipaza sauti siku mbili tatu, halafu linaondoka na gari lililolileta. Viboko na mamba wenyewe hawaondoki. Japhet alikuwa darasa la tano, anavuka na wenzake kila siku, na siku hiyo alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Wenzake waligeuka wakaona maji tu.

Mwili hatukuupata. Katekista alishauri tuzike begi, ili tuwe na mahali pa kusimika msalaba. Verdiana, mke wa kaka, akalikumbatia lile begi akasema lina vitabu, na vitabu havizikwi wakati kuna mtoto mwingine ndani ya nyumba. Akavianika juu ya paa la nyasi, karatasi kwa karatasi, kila moja ameiwekea kijiwe isipeperuke. Mimi nilidhani amerukwa na akili. Pengine kwa wiki kadhaa kweli alikuwa amerukwa nayo.

Mtoto huyo mwingine ndiye Edina. Alikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza aandikishwe darasa la kwanza. Baba amekula kiapo, mama hataki binti akue bila kujua kusoma. Basi Verdiana, aliyeishia kidato cha pili, akaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani.

Nitasema ukweli, na wifi yangu ananijua sina breki mdomoni: mwanzoni alifundisha vibaya sana. Alifundisha kama tulivyofundishwa sisi, fimbo mkononi, mwalimu anasema, darasa linaitikia. Sasa darasa lenyewe ni mtu mmoja, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, anaitikia peke yake kwa sauti ya kupasua: "Baba analima! Mama anapika!" Baada ya muda Edina akawa anakisoma kitabu kimoja cha zamani cha kaka yake mwanzo mpaka mwisho bila kukwama. Siku moja nikamkuta anakisoma hivyo hivyo, na ukurasa uliofunuliwa ni mwingine kabisa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Verdiana hakucheka. Alikitazama kile kitabu, akaitazama ile fimbo, akaisukumiza motoni ikaungua pamoja na kuni.

"Wifi," aliniambia, "mimi sijui kufundisha. Nitafutie anayejua."

Mimi naishi Sitalike, nauza chai na chapati kando ya barabara, kwa hiyo mdomo wangu unakutana na midomo mingi. Nikaanza kuuliza kila mteja anayekaa kwenye benchi langu: mtoto akisomea nyumbani anafundishwaje, na vitabu vya bure vinapatikana wapi? Wengine walinicheka, wakaniuliza kama na chapati nimeanza kuzisomesha. Lakini Yunus, dereva wa gari la watalii, alinionyesha kwenye simu yake kwamba vitabu vya shule ya msingi vimewekwa mtandaoni na mtu anasoma bure.

"Viko siku zote, dada Dorika," alisema. "Ila nani atawaambia nyie?"

Akaichukua simu yangu yenye kioo kilichopasuka, akaenda nayo kambini kwa wageni wake kwenye mtandao wa kasi, akanirudishia ikiwa na vitabu vya hesabu, vya Kiswahili na vya sayansi. Mteja mwingine akanitajia Mzee Gaspar wa Kasokola, mwalimu mstaafu, ambaye alimfundisha kusoma na kuandika mwanawe aliyezaliwa kiziwi. Nikafunga genge langu siku moja, nikampeleka Verdiana kwake.

Mzee Gaspar alitupokea akipukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua. "Una watoto wangapi, mama?" aliuliza.

"Wapo," Verdiana akajibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akaelewa, na hakuuliza tena. Hapo nieleze. Kwetu watoto hawahesabiwi. Bibi yetu alikuwa akisema mbuzi wanahesabiwa, magunia yanahesabiwa, lakini mtoto ukimhesabu unamwonyesha kwa kile kinachomtafuta. Ukiulizwa unao wangapi, unajibu "Wapo" na mazungumzo yanaendelea. Ni mwiko wa wazee, na wengi wetu tumeuacha. Mimi nina wanne na namtajia yeyote anayetaka kujua. Verdiana naye kabla ya msiba alikuwa anausahau. Baada ya Japhet aliung'ang'ania kuliko bibi mwenyewe. Na nilimwelewa. Akiulizwa ana watoto wangapi, aseme wawili? Aseme mmoja? "Wapo" ilimsitiri.

"Mimi nilikuwa na darasa limejaa mpaka madirishani," Mzee Gaspar alisema. "Wewe mwanafunzi wako yuko peke yake mbele yako. Mbona unamfundisha kama vile wako themanini? Acha kuimbisha. Mpe sauti za herufi, ba, be, bi, halafu mwache azipange mwenyewe, kwenye majivu, kwa mkaa, kwa kidole kwenye unga. Kipindi kiwe kifupi. Akichoka, mwache akacheze. Mahindi unayo, mawe unayo, hivyo ndivyo vifaa, usisubiri vya dukani. Na kila ulichomfundisha leo, kesho akufundishe yeye. Wewe ujifanye mjinga. Mtoto hajakijua kitu mpaka amweleweshe mjinga."

"Hapo wifi yangu hatapata shida," nikasema. "Hatahitaji kujifanya."

Verdiana alinifinya paja, na akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba niyaone meno yake.

Kuanzia hapo nyumba ile ikabadilika. Selestini alileta udongo mweupe, akazipaka kuta vizuri ndani, kisha akawaachia mama na mwana. Wakazijaza kwa mkaa: maneno, ramani ya mkoa, mifupa ya mwili, jedwali la kuzidisha la saba na la nane. Ukuta ukijaa, kaka anapaka tena. Jumapili nilikuwa nawapelekea simu iliyochajiwa, Verdiana ananakili kutoka kwenye kioo changu kilichopasuka mpaka macho yanamtoka machozi. Katikati ya wiki wanafundishana. Edina alijifunza robo na nusu kwa kukata mihogo, akajifunza kilo kwa mizani ya baba yake ya kupimia mpunga, akajifunza mzizi na shina kwa kung'oa majani uani. Na mimi nikifika tu, nakalishwa kwenye kigoda.

"Shangazi, hujakaa vizuri. Leo nakufundisha kutoa kwa kukopa."

"Mimi hiyo siijui, mwalimu."

"Ndiyo maana umekuja shule."

Ananifundisha, ananiuliza, "Umeelewa, shangazi?" na nikisema ndiyo haraka haraka, hanikubalii, ananitungia swali lingine. Nilikuwa natoka pale nimechoka kuliko siku ya mnada. Yule mtoto alikuwa na kichwa, na mama yake alikuwa amekuwa mwalimu hasa. Nasema hivi kwa hasira, mtu asije akafikiri tulizembea.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kitabu kikitaja wanafunzi ishirini, Verdiana anasoma mihogo ishirini. Kikisema watoto sita wamepanda gari, yeye anapandisha kuku sita. Edina alipomuuliza sababu, alimjibu, "Watu hawahesabiwi, mwanangu. Ukiulizwa watu, sema wapo." Mimi nilikuwepo, nikaona sawa tu. Mtoto anajua kujumlisha, anajua kutoa. Mihogo na watu vina tofauti gani kwenye hesabu?

Mwaka wa tatu mtendaji wa kijiji alivuka mto akaja. Alisema ana taarifa ya mtoto mwenye umri wa shule ambaye hajawahi kukanyaga shule, na kwamba baba atapelekwa mahakamani kama wenzake walivyotishiwa mpaka wakawarudisha wa kwao. Selestini alikuwa ananoa panga, akaendelea kunoa.

"Wewe njoo na daraja," alisema, "mimi nitakuja na mtoto."

Mtendaji si mtu mbaya. Na yeye suruali ilikuwa imelowa mpaka mapajani, na alikuwa ameuona mto kwa macho yake. Verdiana akamwingiza ndani, akamwonyesha kuta. Alisimama pale muda mrefu anasoma. Alipotoka, sauti ilikuwa imeshuka. Alisema ataongea na mwalimu mkuu. Edina apewe mtihani wa darasa la tatu. Akipata nusu au zaidi katika kila somo, watamwandikisha, lakini watamwachia asomee nyumbani, awe anavushwa siku za mitihani tu. Asipopata, Jumatatu awe shuleni na wenzake, na hakuna tena majadiliano.

Kaka alikubali palepale. Kwa kuta zile, nani angekataa?

Siku ya mtihani Selestini alimvusha Edina mabegani. Alisema Mungu atakisamehe kiapo chake kwa siku moja. Verdiana na mimi tulifuata nyuma tumeshikana mikono, maji yanatufika magotini, na yeye hakutazama chini hata mara moja.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Lusia, alikuwa amehamia mwaka ule kutoka mbali, mama mpole mwenye uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Alitukalisha ofisini kwake, mtendaji pembeni. Akampa Edina kitabu cha darasa la nne, si la tatu, akamfungulia katikati. Edina akasoma ukurasa mzima bila kujikwaa. Alipomaliza, akaeleza habari yenyewe inahusu nini, kisha, kwa mazoea ya nyumbani, akauliza, "Umeelewa, mwalimu?"

Mwalimu Lusia alicheka mpaka akavua miwani. "Nimeelewa," alisema. "Huyu anawashinda wa kwangu." Verdiana alinibonyeza mkono chini ya meza, na mimi nikaanza kupanga moyoni nitakavyomchinjia kuku yule mtoto.

Halafu ikaja karatasi ya hesabu, maswali kumi. Edina aliinama akaandika, hakunyanyua kichwa, akamaliza mapema. Mwalimu akaanza kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Vema, vema, kisha kalamu ikasita. Ikaenda chini, ikasita tena. Akageuza karatasi, akaigeuza tena, akaisukuma katikati ya meza.

Mama Neema ana watoto 5. Watoto 3 wamekwenda kisimani. Nyumbani wamebaki wangapi? Na chini yake, kwa mwandiko ule mzuri niliouona ukikua ukutani: Wapo.

Darasa lina wanafunzi 45. Wasichana ni 20. Wavulana ni wangapi? Wapo.

Maswali sita kati ya kumi yalikuwa ya watu. Yote sita ameyajibu hivyo.

"Wapo, wapo nini?" mtendaji aliuliza.

Nikaona uso wa wifi yangu umepauka. Nikarukia mimi. Nikawaeleza habari ya mwiko, ya bibi, ya mihogo, maneno yakigongana. Nikasema, "Mwalimu, mbadilishie. Weka mihogo badala ya watoto, uone."

Mwalimu Lusia alikuwa anataka mtoto afaulu, hilo nitalisema mpaka kufa. Akamwita Edina karibu. "Mihogo mitano, mitatu imeliwa?"

"Imebaki miwili."

"Mihogo arobaini na tano, toa ishirini?"

"Ishirini na mitano."

"Unaona!" nikamwambia mtendaji. Lakini mwalimu akakuna shingo. Alisema hesabu anazijua, hapo hakuna ubishi, ila mtihani wa taifa hautambadilishia mtu mihogo, na yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini amemwacha mtoto kama huyu nje ya darasa. Alitaka jibu moja tu la watu, litoke mdomoni mwa mtoto, aweke vema, afunge kazi. Akachagua swali jepesi kuliko yote. Hakuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Edina, mama ana watoto wawili. Mmoja ameondoka. Wamebaki wangapi?"

Nje watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele za mapumziko. Edina hakumtazama mwalimu, alimtazama mama yake. Alikuwa anaomba ruhusa. Sote tuliona kwamba jibu analo, limekaa kwenye ulimi, na anasubiri tu mama amwitikie kwa kichwa.

Verdiana alifungua mdomo. Niliuona unafunguka. Nikasema kimoyomoyo, sema, wifi, sema "jibu mwanangu," tuondoke hapa. Sauti haikuja. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka nje.

Edina akageuka kwa mwalimu. "Wapo," akasema.

Nilimkuta wifi amejishikilia kwenye ua wa miti nyuma ya vyoo vya shule, analia bila sauti. "Neno moja tu, Dorika," alisema. "Ningemwambia tu ajibu. Nimemfundisha mwanangu kila kitu, nimeshindwa kumwachia neno moja." Nilimshika. Nilikuwa na hasira na mwalimu, na mtendaji, na bibi aliyekufa zamani, na mto. Zaidi na mto. Nilirudi ndani nikamweleza Mwalimu Lusia habari ya Japhet. Alijifunika uso kwa mikono. Lakini mtendaji alisema makubaliano ni makubaliano, na kwamba akilegeza kwa mmoja, wazazi wote wa ng'ambo watawarudisha watoto nyumbani, na wao si wote wenye mama kama Verdiana.

Njia nzima ya kurudi Edina alikuwa mabegani kwa baba yake. Tulipofika upande wetu akauliza, "Mama, nilikosea?"

"Hukukosea."

"Basi kwa nini nahamia shule?"

Verdiana alifunga kanga upya, akatangulia njiani.

Jumamosi kaka alikwenda porini akakata mti mrefu mwembamba, akauchonga, na akasokota kamba nene ya katani. Jumapili tulisali, mimi nikalala kwao. Nilimsikia Verdiana anamwita Edina, akamkalisha kwenye kigoda kile kile, akamwambia kuna somo moja alilifundisha vibaya na anataka kulirudia. Sikukaa kusikiliza, nilitoka uani. Kuna mambo hata mimi nayaonea haya.

Asubuhi yake tuliteremka mtoni. Watoto wengine wa kitongoji walikuwa wameshafika, mikoba vichwani, viatu mikononi, wanatetemeka kwa baridi ya maji ambayo hawajayaingia. Selestini akawapanga, akawashikisha kamba. Akampandisha Edina mabegani. Kisha akaingia mbele yao, anapiga maji kwa ule mti, kulia, kushoto, kulia, anapiga kama mtu anayemchapa adui, na watoto nyuma yake kimya.

Verdiana alisimama kwenye matope ya ukingo, mikono kifuani. Nilikuwa karibu yake, nikasikia. Mwanzoni nilidhani anasali. Wa kwanza kukanyaga nchi kavu upande wa pili alikuwa Selestini, akamshusha Edina chini.

"Mmoja," wifi yangu akasema.

Akapanda mtoto mwingine, akishika nyasi. "Wawili." Mwingine akateleza, akashikwa. "Watatu." Sauti yake ilikuwa inapanda. Mwanamke ambaye kwa miaka mitatu hakuweza kujibu ana watoto wangapi alikuwa anahesabu watoto wa watu kwa sauti, kidole kimenyooka, bila kujali nani wala nini kinasikia. "Wanne. Watano." Wa mwisho alikuwa mvulana mdogo, maji yalikuwa yanamfika kifuani, na kwa muda sikuona kichwa chake nyuma ya matete. Vidole vya Verdiana viliingia kwenye nyama ya mkono wangu. Kisha kofia nyekundu ikatokea.

"Sita," akasema, akakaa kwenye matope.

Ng'ambo, Edina alikuwa amesimama pembeni ya wenzake, anawatazama mmoja mmoja kama tulivyofanya sisi. Akageuka, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti juu ya maji.

"Mama! Tuko sita!"

"Vema!" Verdiana akamjibu kutoka pale chini.

Kengele ikagongwa. Watoto wakakimbia. Selestini hakuwafuata wala hakurudi upande wetu. Alikaa palepale ukingoni, mti wake magotini, anayatazama maji. Nilimwambia wifi twende nyumbani tukapike, akatikisa kichwa. Nikatandika kanga yangu, nikakaa naye. Saa nane watarudi, na tutahesabu tena.